Posa za Kihindi: Je, Binti Ameulizwa?



Ndugu zangu, muhula uliopita katika darasa letu la Ijumaa jioni, dada mmoja wa mwaka wa pili aliuliza swali lililozua kicheko: "Kwa nini wazazi wetu hawatuachi tupendane kwanza ndipo tuoane, kama wafanyavyo Wahindi?" Wenziwe walicheka, yeye akainamisha kichwa, na darasa likaendelea na mada nyingine. Hatukumtendea haki. Swali lake lilikuwa la kweli, na baadaye nilikuja kujua kwamba nyumbani kwao kulikuwa na posa imeshapokelewa na yeye hajaulizwa neno. Somo hili ni jibu langu kwake, na kwa kila mmoja wetu ambaye simu ya nyumbani ikilia usiku huhisi kwamba itakuwa ni habari ya "yule kijana wa fulani".

Tuanze na jina. Sisi tukisema "Wahindi" huchanganya watu wengi. Mhindi ni mtu wa India, dini yake iwe yoyote. Mhindu, au Baniani kama wazee wetu walivyozoea kusema, ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Kwa sensa ya 2011 India ilikuwa na Waislamu wapatao milioni 172, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu saba. Wengi wao wanafuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa, isipokuwa Waislamu wa pwani za Kerala na Konkan. Hao wengi wao ni Mashafii kama tulivyo wengi wetu, kwa sababu Uislamu uliwafikia kwa bahari ile ile na majahazi yale yale yaliyokuja pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo tunaposema mila za Kihindi za kuchumbiana, tunasema pia mila za ndugu zetu katika dini.

Sasa tuje kwenye filamu, maana ndiko alikoijulia India dada yetu, na ndiko tulikoijulia wengi. Kijana na binti wanakutana garimoshini, wanagombana, wanaimba milimani, wanapendana. Filamu iliyoufanya mtindo huu upendwe dunia nzima ni Dilwale Dulhania Le Jayenge ya mwaka 1995, ya Shah Rukh Khan na Kajol, ambayo sinema moja ya Mumbai iitwayo Maratha Mandir iliendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka 25. Wengi tumeiona, lakini nadhani hatukuitazama vizuri. Simran ameshaahidiwa mtoto wa rafiki wa baba yake huko Punjab. Raj anamfuata hadi huko. Mama wa Simran mwenyewe anawaletea vito vyake na kuwasihi watoroke. Raj anakataa. Anasema hataondoka naye mpaka baba atoe ridhaa, na filamu inaisha kwenye kituo cha garimoshi, baba akimshika binti mkono na kisha kuuachia.

Basi hata filamu ile tunayodhani inahubiri kupendana bila wazazi, jambo zima limening'inia kwenye mkono wa baba. Watengenezaji wake waliwajua watazamaji wao. Walijua kwamba mtu anayelipa tiketi Mumbai au Lucknow ameoa au ataoa kwa kupangiwa na familia, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya ndoa nyingi India hadi leo, kwa Wahindu, Waislamu, Masingasinga na Wakristo. Zile nyimbo za milimani ni ndoto ya watu ambao kesho watapelekewa sinia la chai.

Hilo sinia la chai nitalieleza. Neno la kujifunza hapa ni rishta. Kwa Kiurdu maana yake ni uhusiano, udugu, na ndilo linalotumika kwa posa. Rishta haimjii binti, inaijia nyumba. Zamani katika vijiji vya kaskazini mshenga alikuwa mara nyingi kinyozi, kwa kuwa kinyozi na mkewe waliingia kila nyumba na kujua nani ana mtoto gani. Bengal mshenga huyo huitwa ghatak. Baadaye yakaja matangazo ya magazeti ya Jumapili, kurasa nzima zimepangwa kwa dini, kabila na kazi, na tangu miaka ya 1990 tovuti kama Shaadi.com. Familia hupelekeana karatasi wanayoiita bayodata: picha, urefu, elimu, kazi ya baba, ndugu wangapi wameoa, na rangi ya ngozi. Binti hasemwi kuwa mweusi. Husemwa ana "rangi ya ngano". Karatasi ikipendeza, upande wa kiume hufika nyumbani, na binti huingia na sinia la chai na sambusa, macho yote yakimfuata kutoka mlangoni hadi mezani. Huulizwa amesoma wapi, anapika nini. Wageni huondoka, na jibu huja baada ya siku chache, au haliji. Wapo mabinti waliobeba sinia hilo mara kumi.

Nakiri kwamba sehemu hii hunikera. Mtume (S.A.W.) alitaja mambo manne yanayofanya mwanamke aolewe, yaani mali, nasaba, uzuri na dini, kisha akatuelekeza kushika lile la nne. Bayodata inaanza na matatu ya kwanza na mara nyingi haifiki kwenye la nne.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Katika rishta mna mema ambayo baadhi yetu hapa chuoni tumeyapoteza. Hakuna siri. Kijana anayemtaka binti hawezi kumweka miaka mitatu akimwandikia ujumbe usiku wa manane, halafu akamwambia kwamba mama yake ameshamchagulia mwingine. Anatajwa jina lake, la baba yake na la mtaa wake, na watu huenda kuuliza: anaswali? Ana madeni? Aliachaje kazi ya kwanza? Mtume (S.A.W.) alituambia kwamba akija kuposa mtu ambaye dini na tabia yake vinaridhisha, tumwozeshe. Huwezi kuridhika na tabia ambayo hukuiulizia.

Tufike sasa kwenye kioo.

Kwa Waislamu wa kaskazini ya India na wa Hyderabad ipo desturi iitwayo arsi mushaf. Arsi ni kioo, na mushaf ni Msahafu. Baada ya nikaha, bwana na bibi harusi huketishwa pamoja, hufunikwa shela moja, na mbele yao huwekwa Msahafu na kioo. Ndani ya kioo kile kila mmoja huuona uso wa mwenzake. Siku hizi ni mchezo wa kupiga picha tu, kwani wameshatumiana picha mia. Lakini desturi ilizaliwa wakati ambapo kweli ilikuwa mara ya kwanza. Watu wawili walioozeshwa bila kuonana waliona sura zao kioo kikiwa katikati, na nikaha imekwisha kufungwa.

Mandhari ile inavutia sana, nami sioni ubaya kuifurahia kama mchezo wa harusi. Ila ilivyokuwa zamani, ilikuwa imeigeuza Sunna. Sahaba Mughira bin Shu'ba alipotaka kuoa, Mtume (S.A.W.) alimwambia aende akamtazame huyo mwanamke, kwa kuwa hilo lingewafanya wapatane zaidi. Kuangaliana ni kabla. Mila iliyapeleka macho baada ya mkataba na kuiita heshima. Na tazameni hapa jinsi mila mbili zinavyopotoka kwa njia tofauti: filamu inawapa vijana kila kitu kabla ya nikaha, kugusana na kusafiri pamoja, na mila ya zamani haiwapi hata mtazamo mmoja. Sharia imekaa mahali pake: mtazame, zungumza naye akiwepo mahram wake, uliza unachotaka kuuliza, kisha amua.

Sehemu ya nikaha yenyewe, kwa Waislamu wa India, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kadhi hamwulizi bwana harusi peke yake. Wakili wa binti pamoja na mashahidi wawili huenda kwenye chumba alimokaa binti na wanawake, humtajia jina la anayemwoa na kiasi cha mahari, na kumwuliza kama amekubali. Katika sehemu nyingi humwuliza mara tatu. Anajibu: kubul hai. Neno ni lile lile letu, "kukubali", limetoka Kiarabu likaingia Kiurdu kama lilivyoingia Kiswahili. Kisha huweka saini katika nikahnama, hati ya nikaha.

Ugumu ni kwamba mara nyingi swali hilo huja kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo. Wageni mia tano wako nje. Biriani imeiva. Baba amekopa. Binti aliyepakwa hina hadi viwikoni anaulizwa kama amekubali. Atasema nini?

Hapa tuisome vizuri Hadithi inayotajwa na kila mzee, kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Imo katika Bukhari na Muslim, na ni sahihi. Lakini Hadithi hiyo inaanza na amri ya kumwomba idhini. Kunyamaza kunakohesabiwa ni kunyamaza baada ya swali, kwa msichana mwenye haya ambaye ameelewa anachoulizwa na angeweza kukataa. Aliyenyamaza kwa kuwa hakuulizwa hajaidhinisha kitu, na anayelia kwa uchungu hakunyamaza. Khansaa bint Khidham aliozeshwa na baba yake bila kupenda, naye alikuwa ameshaolewa kabla. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), na Mtume akaibatilisha nikaha ile. Abu Dawud amepokea pia habari ya msichana bikira aliyelalamika hivyo hivyo, na Mtume akampa hiari. Katika madhehebu ya Hanafi mwanamke mzima ana haki hata ya kujifungisha nikaha mwenyewe kwa mtu anayelingana naye. Sisi Mashafii tunasema hakuna nikaha bila walii. Wapo pia katika wanazuoni wetu wa zamani waliompa baba uwezo wa kumwoza bintiye bikira, ila hata wao walipendekeza aombwe idhini na wakaweka masharti, mojawapo likiwa kwamba baba na bintiye wasiwe na uadui. Asiyetaka kumwuliza mwanawe asijifiche nyuma ya vitabu hivyo kabla hajavisoma.

Nimekaa hapo muda mrefu kwa makusudi. Sasa jambo la pili zito: mali.

Kwa sharia, mali hutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke. Aya ya 4 ya Suratun-Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao kwa moyo safi. India, mto huu unatiririka kwa kurudi nyuma. Familia ya binti hutoa jahez: vitanda, friji, dhahabu, pikipiki, kwa wenye uwezo gari. Hyderabad iko pia jode ki raqam, fedha taslimu anazopewa bwana harusi. Mtoto wa kiume akiwa daktari au mhandisi wa kampuni ya kompyuta, bei hupanda. Mahari inayoandikwa kwenye nikahnama huwa ndogo, tena mara nyingi ni ya kuahirishwa, na mke huombwa aisamehe mume akiwa mahututi, mbele ya ndugu, wakati ambao nani atathubutu kukataa?

Serikali ilipiga marufuku desturi hii kwa sheria ya mwaka 1961, ambayo kwa busara haikuyagusa mahari ya Waislamu. Mwaka 1983 ukatili wa mume na wakwe ukafanywa kosa la jinai, na mwaka 1986 likaongezwa kosa la kifo kinachotokana na madai haya. Pamoja na yote hayo, takwimu za polisi za nchi hiyo huhesabu vifo vya namna hii zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Si Wahindu peke yao. Mwaka 2021, baada ya kifo cha mke kijana wa Kiislamu huko Gujarat kuwatikisa watu, Baraza la Sharia za Binafsi za Waislamu wa India lilianzisha kampeni ya kuwataka watu wafunge nikaha rahisi, bila jahez.

Watetezi wa jahez wana hoja yao, na ni vyema kuijua kwa sababu inapendeza masikioni. Wanasema Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimpa Bibi Fatima (R.A.) vitu alipoolewa: shuka nene, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa majani. Wanaiita jahez ya Fatima. Wanazuoni wengi wamewajibu hivi. Ali (R.A.) alilelewa na Mtume, hakuwa na nyumba iliyokamilika wala baba wa kumwandalia, na Mtume alisimama kama mzazi wa pande zote mbili. Tena Ali aliuza deraya yake kulipa mahari, na zipo riwaya kwamba vitu vile vilinunuliwa kwa fedha hiyo. Mimi naongeza jambo moja la hesabu tu. Anayetaka kufuata jahez ya Fatima na aombe shuka, kiriba na mto. Pikipiki hakuitaja mpokezi yeyote.

Tusiwacheke. Hapa Uganda hatuna jahez, lakini tuna kwanjula, na wako kaka zetu waliomaliza shahada miaka minne iliyopita wanaoshindwa kuoa kwa sababu ya orodha ya ng'ombe, gomesi, sofa na mahema. Kibaya zaidi, kutokana na zile filamu, siku hizi bibi harusi hubadilisha nguo mara nne, gomesi, mushanana, kisha lehenga ya Kihindi iliyokodishwa kwa bei inayotisha. Tumechukua lehenga ya Wahindi na kuacha nyuma lile swali la kadhi linaloulizwa mara tatu.

Ukabila nitaupitia haraka, ingawa unastahili somo lake. Waislamu wa India nao wana biradari, koo zinazooana zenyewe kwa zenyewe: Sayyid, Sheikh, Pathan kwa upande mmoja, Ansari na Qureshi na wengineo kwa upande mwingine. Sayyid wengi hawamwozi mfumaji hata akiwa hafidhi. Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa aliozeshwa Zaynab bint Jahsh wa ukoo mtukufu, na Qur'ani imemtaja Zayd kwa jina. Ndoa ile haikudumu, lakini kuozeshwa kwake kunatosha kuwa dalili.

Na hali ya wanaochagua wenyewe ikoje? Ngumu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya juu ya India ilitoa hukumu mbili ambazo mwanafunzi wa sheria anapaswa kuzisoma. Moja ilisema mabaraza ya wazee wa vijiji hayana haki ya kuzuia ndoa ya watu wazima wawili waliokubaliana. Nyingine ni ya Hadiya, mwanafunzi wa tiba kutoka Kerala aliyesilimu na kuolewa na Muislamu. Mahakama ya jimbo ilikuwa imeifuta ndoa yake kwa ombi la baba yake, na mahakama ya juu ikairudisha ikisema chaguo ni lake. Lakini mwishoni mwa 2020 jimbo la Uttar Pradesh lilipitisha amri kali dhidi ya kubadili dini kwa ajili ya ndoa, na majimbo mengine yakafuata. Kijana wa Kiislamu anayempenda msichana wa Kihindu huko leo anaweza kuamkia kituo cha polisi. Dada yetu aliyesema "kama Wahindi" ajue na hilo.

Sasa nirudi kwake. Dada, wazazi wako hawakukosea kutafuta, wala kuuliza habari za kijana, wala kukaa na wazazi wake. Hilo ni jema na wewe mwenyewe huna uwezo wa kulifanya vizuri ukiwa hosteli. Walichokosa ni kukuuliza. Usisubiri siku ya kadhi. Kama huwezi kumkabili baba, mwendee shangazi; kwetu Buganda ssenga ndiye aliyewekwa kwa kazi hiyo tangu zamani, na baba humsikiliza dada yake kuliko anavyokusikiliza wewe. Mwambie shangazi unataka mambo matatu: kumwona kijana mahram wako akiwepo, kumwuliza maswali yako, na kupewa wiki ya kuswali Istikhara kabla ya jibu. Hakuna sheikh atakayesema hayo ni utovu wa adabu. Na kama yupo mwingine moyoni mwako, mwambie huyo naye alete wazee wake kwenu mwezi huu. Akianza kusema subiri kwanza, utakuwa umeshapata jibu lake.

Kwa darasa la Ijumaa ijayo, kina kaka na kina dada, msije na filamu wala kitabu. Kila mmoja ampigie mama yake, au bibi yake kama yu hai, amwulize: siku ulipoposwa, nani alikuuliza, na ulimjibu nini? Tutayasikiliza majibu bila kutaja jina la mtu.